Mji ukishabomoka: njia tano za kuujenga upya, na mpangaji yuko wapi katika kila moja

Tarehe 11 Januari 2006, watu wa New Orleans waliokwisha kurudi mjini walifungua gazeti la Times-Picayune wakakuta ramani ya mji wao ina madoa ya kijani. Kimbunga Katrina kilikuwa kimepiga tarehe 29 Agosti mwaka uliotangulia, matuta na kuta za kuzuia maji zikapasuka, na karibu asilimia 80 ya mji ikazama. Madoa yale yalionyesha sehemu ambazo wataalamu waliona zingefaa kuwa bustani na mabonde ya kupokea maji. Hayakutaja nyumba ya mtu. Lakini doa likitua juu ya mtaa wako, huhitaji mkalimani.

Mtaa wa Broadmoor ulikuwa chini ya doa mojawapo. Watu wake walifanya mikutano, wakatundika mabango, wakaandika mpango wao wenyewe wa kurudi. Meya Ray Nagin alikuwa na uchaguzi miezi michache mbele, na wapiga kura wake walikuwa wametawanyika Houston, Atlanta na kwingineko, kila mmoja akiuliza swali moja tu: nitarudi au sirudi? Meya akaiacha ramani. Kila mtu akaruhusiwa kujenga palepale alipokuwa, na mwezi Mei meya akashinda uchaguzi.

Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari, na idadi ya watu ilikuwa ikipungua hata kabla ya kimbunga. Kosa lao ni kwamba ramani ilitangulia malipo. Mtu alionyeshwa kwamba nyumba yake inaweza kugeuzwa bustani kabla hajaambiwa atapewa nini. Miaka mitano baadaye, upande wa pili wa dunia, serikali ya New Zealand ilitangaza ramani na ofa ya kununua nyumba siku ileile moja, na mambo yakaenda kwa namna nyingine kabisa. Nitafika huko.

Nimeweka hapa miji mitano kando kwa kando kwa ajili ya mtu anayeweza siku moja kuitwa kwenye mkutano wa mtaa baada ya janga: mjumbe, diwani, mwenye nyumba, mpangaji, mwenye kibanda sokoni. Si jambo la mbali. Waliokuwa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, Desemba 2011 wanakumbuka jinsi mafuriko yalivyofuatwa na viwanja vya Mabwepande, mbali na mjini walikokuwa wakitafutia riziki, na wengine wakarudi bondeni. Katesh ilifunikwa na tope Desemba 2023. Goma imepitiwa na lava mara mbili katika karne hii. Mikutano ya namna hiyo mara nyingi huanza na swali la pesa zitatoka wapi. Katika miji hii mitano pesa zilipatikana, hata kama ni kwa mkopo. Palipotofautiana ni kipimo: mtu alihesabiwa kwa bei ya nyumba yake, kwa ukubwa wa hasara, kwa bima aliyokata, au kwa kuwa tu alikuwa akilala pale.

Pesa mkononi mwa mwenye nyumba: New Orleans na Bhuj

Miji hii miwili ilifuata njia inayofanana kwa nje. Serikali haijengi, inampa mwenye nyumba pesa ajenge mwenyewe.

Louisiana, jimbo lenye mji wa New Orleans, ilianzisha mpango ulioitwa Road Home mwaka 2006, kwa fedha za serikali kuu ya Marekani. Mwenye nyumba aliweza kupata hadi dola 150,000, ukitoa kile alicholipwa na bima. Ungeweza kujenga ulipo, au kuiuzia serikali ukahamia kwingine. Kufikia mwisho wake zaidi ya familia 100,000 zilikuwa zimelipwa, jumla ya karibu dola bilioni 9. Ni pesa nyingi kwelikweli. Lakini mwishoni mwa 2006, maombi yakiwa yamefika makumi ya maelfu, waliokwisha kupokea pesa hawakufika elfu moja.

Tatizo kubwa zaidi lilijificha kwenye kanuni ya hesabu. Ruzuku ilitokana na kiasi kidogo kati ya viwili: thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, au gharama ya kuitengeneza. Chukua mfano wa kubuni wa nyumba mbili zinazofanana kwa matofali na vyumba. Moja iko mtaa wa Wazungu, bei yake sokoni dola 200,000. Nyingine iko mtaa wa Waamerika Weusi, bei yake dola 90,000. Zote zimeharibika sawa, na fundi anataka 140,000 kwa kila moja, kwa sababu msumari na saruji haviulizi uko mtaa gani. Wa kwanza anapewa 140,000 na kumaliza kazi. Wa pili anapewa 90,000 na kubaki na pengo la 50,000. Ubaguzi wa bei uliojengeka kwa miongo mingi uliingizwa kwenye kikokotoo, na kikokotoo hakikuhitaji mtu mbaya wa kukiendesha. Shirika la kutetea haki ya makazi na wenye nyumba kadhaa walikwenda mahakamani mwaka 2008, na mwaka 2011 kesi ikaishia kwenye makubaliano ya dola milioni 62. Wengi walikuwa wamekwisha kuuza au kukata tamaa.

Kikwazo cha pili msomaji wa kwetu atakielewa bila maelezo mengi: nyumba ya familia. Lower Ninth Ward na mitaa kama hiyo ilijaa nyumba za babu na bibi ambazo hazikuwahi kugawanywa kisheria. Jina kwenye hati ni la marehemu, warithi ni kumi na wanne, mmoja kahamia mbali, mwingine hajulikani aliko. Mradi maji hayajaja, hakuna anayesumbuka. Yakija, dirisha la ruzuku linataka mmiliki mmoja mwenye karatasi, na hapo mirathi ya miaka arobaini inapaswa kumalizwa ndani ya miezi.

Bhuj, makao makuu ya Kutch katika jimbo la Gujarat nchini India, ilipigwa na tetemeko tarehe 26 Januari 2001. Kwa ramani ni mbali, kwa undugu si mbali: Wakachi wa Zanzibar na Mombasa asili yao ni huko, na familia nyingi za akina Patel wa Nairobi zimetoka vijiji vilivyouzunguka mji ule. Michango ilivuka bahari kuelekea huko, safari hii kwa njia ya kinyume na ile waliyopita mababu.

Gujarat nayo ilimpa mwenye nyumba pesa, ila kwa mambo mawili tofauti na Louisiana. Kwanza, kiwango kilitokana na ukubwa wa nyumba na uharibifu wake, si bei ya mtaa. Pili, pesa zilitoka kwa awamu tatu, na mhandisi alipita kukagua. Mtu yeyote aliyejenga kwetu anaujua utaratibu huu moyoni: msingi, linta, kupaua. Ukiweka nondo ovyo awamu inayofuata haitoki. Mafundi wa mitaani walifundishwa jinsi ya kufunga kona na linta nyumba isimame tetemeko jingine likija. Karibu nyumba 200,000 zilijengwa upya jimboni, nyingi kati yake katika miaka mitatu ya mwanzo, na kwa maoni yangu hakuna mpango wa ukubwa ule uliotumia shilingi vizuri zaidi.

Lakini hiyo ilikuwa hasa vijijini. Ndani ya Bhuj yenyewe, mji wa kale wenye vichochoro ambamo watu walikufa kwa kukosa njia ya kutokea, serikali ilisimamisha ujenzi mpaka mpango wa mji ukamilike. Kila kiwanja kilikatwa kipande ili barabara zipanuke, wenye viwanja vidogo kabisa wakiachwa na wenye vikubwa wakikatwa zaidi. Nauona utaratibu wa haki kuliko mwingi niliousoma. Ila ulihesabu viwanja, na mpangaji hana kiwanja. Wapangaji wa mji wa kale, ambao kodi zao zilikuwa ndogo na za miaka mingi, walipata kidogo sana.

Serikali inanunua: Christchurch

Tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 liliua watu 185 katika mji wa Christchurch. Upande wa mashariki, kando ya mto Avon, ardhi yenyewe iligeuka uji: mchanga uliolowa ulitikisika ukapanda juu, nyumba zikazama na kuinama. Kujenga tena juu yake kungekuwa ghali na hatari.

Tarehe 23 Juni serikali ilichora eneo jekundu na kusema wazi bei yake. Mwenye nyumba mwenye bima aliweza kuiuzia serikali kiwanja na nyumba kwa thamani ya kodi ya majengo ya mwaka 2007, au kuuza kiwanja pekee na kudaiana na kampuni yake ya bima kuhusu nyumba. Eneo liliongezeka hadi kufikia nyumba 8,000 hivi, na karibu wote waliuza. Hakuna aliyelala akijiuliza kama jirani atarudi. Leo pale ni nyasi na miti ya matunda iliyobaki kwenye nyua zisizo na nyumba, eneo la kama hekta 600, na ukipita unaweza kubashiri mlango ulikuwa wapi kwa kuangalia mti.

Kilichowezesha wepesi huo ni bima. New Zealand ina mfuko wa serikali wa majanga ambao mtu huuchangia kila anapokata bima ya moto ya nyumba, hivyo karibu kila nyumba ilikuwa imo. Toa bima, na njia hii inabadilika sura. Wachache waliokuwa hawana bima, na wale wenye viwanja vitupu, waliambiwa watapewa nusu ya thamani ya ardhi tu. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema ofa ile haikufuata sheria. Kusubiri mpaka miaka minne baada ya tetemeko ndipo usikie kwamba ulionewa ni kungoja sana.

Katikati ya mji ni hadithi nyingine na sitakaa nayo sana. Serikali kuu ilichukua usukani, ikatangaza mwaka 2012 mpango uliochorwa kwa siku 100 wenye miradi mikubwa: ukumbi wa mikutano, uwanja wa michezo, maktaba. Wakati wenye maduka wadogo wakisubiri miradi mikubwa iwe tayari, wateja walizoea kwenda kwingine. Maktaba ya Tūranga ilifunguliwa 2018 na inapendeza. Kanisa kuu la Waanglikana, ambalo mabishano ya kulibomoa au kulikarabati yalikula miaka, kazi yake ilisimama tena mwaka 2024 kwa kukosa fedha.

Serikali inatwaa kwa ajili ya mpangaji: Mexico City

Huu ndio mji ninaoupenda katika orodha hii, na kwa kuwa nimekuwa mpangaji maisha yangu yote, upendeleo wangu sitauficha.

Tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 liliangusha maghorofa ya serikali kule Tlatelolco na kubomoa majengo ya kale katikati ya mji, yale waliyoyaita vecindad: ua mmoja, vyumba kuuzunguka, choo na bomba la pamoja. Aliyekulia nyumba ya kupanga Kariakoo au Majengo anauona ua huo bila picha. Kodi katika mengi ya majengo yale zilikuwa zimegandishwa kwa sheria tangu miaka ya 1940, hivyo mwenye jengo hakuwa na sababu ya kulitengeneza, na wengine waliona tetemeko limewafanyia kazi: jengo likianguka, mpangaji wa bei ya kale ameondoka na kiwanja cha katikati ya mji kimebaki.

Wapangaji hawakuondoka. Walipiga mahema barabarani, mbele ya vifusi vyao wenyewe. Mwezi Oktoba walikusanyika chini ya chombo kimoja kilichounganisha mitaa, wakaandamana. Rais Miguel de la Madrid alikuwa na deni la nje lililomkaba koo, chama chake kilikuwa kimepoteza heshima kwa jinsi jeshi na maofisa walivyochelewa siku za mwanzo, na Kombe la Dunia lilikuwa linakuja Mei 1986 na kamera za dunia nzima nyuma yake. Tarehe 11 Oktoba akatangaza kutwaa majengo kama 5,500. Baada ya malalamiko, na baada ya kugundulika kwamba orodha ilikuwa imeingiza makosa ya aibu, yakabaki karibu 4,300.

Kisha wakajenga. Mkopo wa Benki ya Dunia ulisaidia, makandarasi walikuwa wengi na wadogo, michoro ilikuwa michache na rahisi. Kwa takriban miaka miwili nyumba kama 48,000 zilijengwa au kukarabatiwa, kila moja mita za mraba 40 hivi, na choo ndani. Aliyekuwa mpangaji akawa mmiliki, akilipa kidogo kidogo kwa kiwango kilichopimwa na kima cha chini cha mshahara. Wakati wa ujenzi wengi waliishi kwenye makazi ya muda mtaani mwao, wengine katikati ya barabara iliyofungwa, ili mtoto abaki shule ileile na mama asipoteze wateja wake.

Linganisha hilo na Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995. Nyumba za muda zilikuwa imara na safi, lakini ziligawiwa kwa bahati nasibu, nyingi pembezoni, wazee wakipewa kipaumbele. Kwa nia njema kabisa mtaa ulivunjwa vipande, na wazee wakaanza kufa peke yao ndani ya vyumba hivyo, wakigunduliwa siku kadhaa baadaye. Wajapani wana neno lao kwa vifo vya aina hiyo.

Linganisha pia na New Orleans yenyewe. Kulikuwa na makazi manne makubwa ya umma ya wapangaji maskini: Lafitte, St. Bernard, C.J. Peete na B.W. Cooper. Baadhi ya majengo yalikuwa ya matofali imara, yanayotengenezeka. Tarehe 20 Desemba 2007 baraza la mji lilipiga kura, wote saba kwa sauti moja, yabomolewe, nyumba kama 4,500. Mahali pake zikaja nyumba mchanganyiko za watu wa vipato mbalimbali, nzuri kuziangalia, na chache sana kwa wale wa mwanzo. Nje ya ukumbi polisi walikuwa wakiwapulizia waandamanaji pilipili.

Miji miwili, wapangaji maskini pande zote mbili, matokeo kinyume. Sioni kwamba viongozi wa Mexico walikuwa na huruma zaidi. Tofauti ninayoiona ni kwamba mpangaji wa Mexico alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kifusi chake, na yule wa New Orleans alikuwa amepandishwa basi kwenda Texas. Aliyeko mbali hana mkutano, hana bango, na baada ya muda hana hata kura.

Kampuni inachukua: Beirut

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Lebanon viliisha mwaka 1990, na katikati ya Beirut palikuwa magofu yenye wamiliki wengi kupita kiasi: jengo moja lina warithi kadhaa, wapangaji wa zamani na wakimbizi waliojihifadhi ndani yake. Sheria namba 117 ya mwaka 1991 ilikata fundo kwa kisu. Kampuni binafsi, Solidere, iliundwa 1994. Mwenye ardhi na mpangaji wa kibiashara walipewa hisa badala ya mali yao, na wawekezaji wakanunua hisa nyingine kwa pesa taslimu. Aliyeisukuma kampuni hiyo, Rafic Hariri, alikuwa waziri mkuu, na pia mwekezaji ndani yake.

Kwenye karatasi njia hii inavutia: serikali haikopi, mirathi inageuka hisa zinazogawanyika bila ugomvi wa ukuta, barabara na mabomba vinajengwa kwa pamoja. Na kweli mitaa ilijengwa, majengo kadhaa ya kale yakarudishiwa uso wake. Ila buldoza lilibomoa mengi ambayo mabomu yalikuwa yameyaacha, na walioona mali yao imekadiriwa chini hawakuwa na pa kukataa. Soko la zamani, mahali ambapo muuza mboga, sonara na dereva wa teksi ya pamoja walikutana kutoka kila dhehebu, likawa maduka ya mikoba ya bei kubwa. Hoteli ya St. Georges iling'ang'ana nje ya mpango na kwa miaka mingi ilitundika bango kubwa la kuipinga kampuni. Zaidi ya miaka thelathini imepita na bado kuna viwanja vitupu.

Walebanoni wenyewe wametoa hukumu yao. Bandari ilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020 na madalali wakaanza kuzunguka mitaa ya Gemmayzeh na Mar Mikhael wakiulizia nyumba zilizopasuka, bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa mali katika maeneo yale kwa miaka miwili. Watu walikuwa wamekwisha kuiona filamu hiyo.

Wasiosubiri mtu

Goma haiko kwenye orodha ya tano kwa sababu hapakuwa na njia iliyochaguliwa. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikashuka mpaka ziwani ikipitia katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Zaidi ya watu laki moja walikosa makazi. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, serikali ya Kinshasa haikuwa na mkono pale. Watu walirudi ndani ya siku chache, jiwe likiwa bado la moto, wakaanza kuweka mbao na mabati juu yake. Jiwe lenyewe likawa bidhaa: likapasuliwa, likajenga kuta na misingi ya mji mpya.

Kwa kasi hakuna mji uliowashinda. Lakini viwanja, au parseli kama wanavyoviita huko, mipaka yake ilikuwa chini ya mwamba, na mwenye nguvu au karatasi ya haraka alikuwa na nafasi ya kusogeza kigingi. Na mji ulikua ukielekea mlimani kulekule. Mei 2021 lava ilishuka tena, ikafika Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na kusimama hapo.

Sasa uchague ipi

Ukiwa na nyumba yenye hati safi na bima, njia ya Christchurch ndiyo itakayokutoa mapema, mradi ofa itangazwe pamoja na ramani. Ukionyeshwa ramani pasipo bei, kataa kuijadili ramani. Waulize bei kwanza.

Ukiwa na nyumba bila bima, na hiyo ndiyo hali ya wengi wetu, sukumeni ya Gujarat: pesa kwa awamu, mhandisi anayekagua, kipimo cha hasara na si cha bei ya soko. Mthamini akija na jedwali lake la bei za mitaa, mkumbushe kwamba saruji ya uswahilini na ya Masaki zinatoka duka moja. Na kama nyumba ni ya marehemu, hilo halingoji mafuriko. Nendeni mahakama ya mwanzo mkiwa bado mnaongea.

Ukiwa mpangaji, nne kati ya njia tano hizi hazikuoni, au zinakuona kidogo. Beirut ilimwona mpangaji wa duka, na ikamlipa kwa karatasi ya hisa. Ya Mexico pekee ndiyo iliyomweka katikati, nayo inataka serikali yenye ubavu wa kutwaa ardhi ya katikati ya mji na wapangaji waliokataa kusambazwa. Serikali ya kutwaa si adimu kwetu. Ya kutwaa kwa ajili ya mpangaji sijaiona.

Ukiwa mfanyabiashara wa soko, soma Beirut kwa makini kabla ya kushangilia mchoro wa soko la kisasa lenye lifti. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na mwaka 2024, likikaribia kufunguliwa, wafanyabiashara waliandamana kwa sababu hawakuyaona majina yao kwenye orodha ya wanaorudi. Jengo lilikuwa limesimama, ugomvi ulikuwa wa daftari.

Na ukiwa diwani unayetaka yote kwa pamoja, mchanganyiko ambao ningeupigia kura ni huu: kanuni ya malipo ya Gujarat, makazi ya muda ya Mexico yaliyo mtaani palepale, na katazo la miaka miwili la kuuza viwanja kama la Beirut ya 2020, ili dalali asinunue machozi. Ardhi ambayo kweli haikaliki, ya bondeni kabisa au ya njia ya tope, inunuliwe yote kwa siku moja na bei moja, hati au bila hati.

Katika wiki za mwanzo atapita kijana mwenye daftari, pengine kutoka ofisi ya mtaa, pengine kutoka shirika la misaada, amevaa buti na fulana yenye nembo. Ataandika haraka maana jua ni kali na nyumba ni nyingi. Mexico waliandika waliokuwa wakiishi katika kila jengo. Kwingine waliandika mwenye jengo. Msimamishe, mwombe akuonyeshe ukurasa, uone kama kuna safu ya mpangaji. Kama haipo, mpe kalamu na rula aichore palepale, kisha msubiri amalize kuandika majina ya ua mzima, na yule anayelala chumba cha uani mwenye deni la miezi mitatu naye aandikwe.